Mrija Mtupu

Kalamu ilipanda mahali pale pale.

Nelima aliitazama ikikwea karatasi kwa mwendo wake wa kobe. Ikafika kileleni, ikaporomoka chini ya mstari, ikarudi katikati na kuendelea kuchora unyoofu wake kana kwamba haina habari na mtu. Alikuwa amemwomba Mungu, tena kwa sauti, kwa kuwa chumbani hamkuwa na wa kumcheka, kwamba safari hii isogee. Hata upana wa ukucha ungemtosha. Aliichukua karatasi ya juzi, akaiweka juu ya hii, akaziinua zote mbili dirishani. Mstari ulikaa juu ya mstari. Mtu angedhani ni karatasi moja.

Akavuta kigoda akaketi, akashika tama.

Mashine ile ilikuwa na sumaku mbili nene zilizotazamana, kubwa kama magurudumu ya trekta, na kati yake palikuwa na mrija mwembamba wa kioo. Ndani ya mrija kulikuwa na kimeng'enya kilichogandishwa kwa nitrojeni kimiminika. Kimeng'enya hicho ni cha kimelea cha malale, ingawa Nelima hakukitoa kwenye damu ya mgonjwa. Alikivuna kutoka kwa bakteria waliofundishwa kukitengeneza. Katikati yake imekaa chembe moja ya chuma. Bila chembe hiyo kimeng'enya hakifanyi kazi, na bila kimeng'enya hicho kimelea hakiwezi kuishi ndani ya mtu. Kazi ya mashine ni kukiuliza chuma swali moja: umekaa na nani? Unaipandisha nguvu ya sumaku polepole huku unamimina mawimbi, na mahali fulani elektroni za chuma zinaitika. Kuitika kwake ndiko kalamu inakochora. Chuma chenye majirani hawa huitika hapa. Kibadilishie jirani mmoja, kitaitikia pale.

Kwa hiyo dawa ikikishika chuma, mstari hauna budi kusogea. Na dawa ya Nelima, aliyoichuja kwenye magome ya mti, ilikuwa ikikizima kimeng'enya kabisa. Alikwisha kulipima hilo hadi akachoka. Dawa inaua, mstari hausogei. Mojawapo ya mambo hayo mawili lilikuwa uongo.

Baba yake alikufa kwa malale huko Busia, upande wa Kenya. Alianza kusinzia mezani, kijiko mkononi, ugali mdomoni. Watu wakasema ni pombe. Mchungaji akaja kumwombea aache pombe, naye hakuwa ameonja pombe maisha yake yote. Walipojua ni nini, ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. Nelima alikuwa amemaliza shule mwaka huo, na tangu hapo hakutaka kusomea kitu kingine.

Sasa Ijumaa ilikuwa inakuja, na pamoja nayo Daktari Perpétue.

Mashine haikuwa ya chuo. Ilikuwa imeazimwa na mfuko mmoja wa wafadhili wa ng'ambo, na Daktari Perpétue ndiye aliyetumwa kuona kama imezaa chochote hapa Kampala. Ikiwa haijazaa, itatiwa kwenye makreti na kupelekwa kwa nchi nyingine ambayo ilishaiomba. Hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Profesa Mumbere, mkuu wa maabara, alikuwa amewaandikia wafadhili kwa furaha kuhusu mstari wa Nelima: mkubwa, safi, unaosimama wima kama mlingoti. Aliahidi kwamba Ijumaa mgeni ataonyeshwa mstari huo ukisogea mbele ya macho yake.

Mstari haukuwa unasogea.

Nelima aliinuka. Hata leo hawezi kueleza vizuri kilichomsukuma. Hakikuwa werevu. Kilikuwa hasira, ile hasira ya mtu aliyepoteza ufunguo na sasa anautafuta hata ndani ya sukari. Alikwenda kabatini, akachukua mrija mpya ambao haujawahi kutiwa kitu, na bila kuutia kitu akauteremsha ndani ya baridi.

Katika maabara ile hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Nitrojeni waliipata kwenye kituo cha kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe, nao walipewa ile tu iliyosalia baada ya ng'ombe kutoshelezwa. Profesa Mumbere alizoea kusema kwamba katika nchi hii sayansi hula baada ya fahali. Mtungi ulikuja umejaa nusu, ukakaa siku chache ukitoa moshi wake mweupe, kisha ukakauka, na kila kijiko kilichomo kilikuwa na mwenyewe. Kugandisha mrija mtupu kungekuwa sawa na kuwasha moto, kuinjika sufuria na kupika hewa. Na mtungi uliokuwapo leo ulikuwa wa Ijumaa.

Sumaku ikaanza kupanda. Nelima hakuitazama kalamu. Alitazama bomba la maji ya kupoozea sumaku, likitetemeka ukutani, mpaka alipousikia mkwaruzo wa kalamu ukibadilika.

Akageuka. Kalamu ilikuwa inapanda mahali pale pale.

Akautoa mrija, akauosha kwa asidi, akaukausha, akaurudisha. Mlingoti. Akatwaa mwingine. Mlingoti. Mwingine tena, mwenye mkunjo kidogo shingoni, ambao hakuna aliyeutaka. Mlingoti ule ule, na safari hii mrefu zaidi.

Ndipo akaelewa. Mirija iliyokuja na mashine ilikuwa ya kwatzi, kioo safi kisicho na chuma hata chembe. Ilikuwa michache, na ilivunjika mmoja baada ya mwingine: huu wakati wa kuoshwa, ule chini ya gurudumu la kiti. Kwatzi haitengenezwi Kampala. Basi Profesa akamtafuta Odera, fundi wa taa za neoni kule Kamwokya, yule anayepinda vioo vya rangi kwenye milango ya baa, na Odera akawatengenezea mirija kwa kioo chake. Mizuri, miembamba, imenyooka. Kila aliyeiona aliisifu. Lakini kioo cha kawaida kina chuma ndani yake, kidogo sana, na kwa mashine ile kidogo ni kelele. Kwa muda wote huo kioo kilikuwa kinapiga kelele, na chuma cha kimeng'enya, kama kilisema lolote, kilisema huku kimefunikwa mdomo.

Dawa ilikuwa inafanya kazi. Mstari ndio uliokuwa uongo.

*

"Nani alikwambia upime hewa?"

Profesa Mumbere alikuwa bado ameshika mwavuli wake. Nelima alikuwa amemwekea karatasi mbili mezani, ya kimeng'enya na ya mrija mtupu, na yeye alikuwa anazitazama bila kuzigusa.

"Hakuna aliyeniambia, Profesa."

"Kwa nitrojeni ya Ijumaa?"

"Ndiyo, Profesa."

"Imebaki kiasi gani?"

"Inaweza kutosha kuonyesha. Haitoshi kurudia rudia."

Mumbere akaketi. Alikuwa mtu wa Kasese, mrefu, mwenye mashati ya mikono mirefu hata kwenye jua kali. Siku za vita, askari walipolala katika jengo hili na kuota moto kwa vigoda vya maabara, yeye alichukua mizani, ile mizani pekee iliyokuwa nzima, akaizika kwenye shamba la ndizi la shemeji yake. Vita vilipokwisha aliifukua, akaipangusa udongo, na kwa mizani hiyo moja akaanza tena kufundisha. Kila mwanafunzi aliijua hadithi hiyo. Hakupenda kuisimulia yeye mwenyewe.

"Sikiliza, binti yangu," alisema. "Ijumaa tunaonyesha mstari. Tunasema kazi ya dawa inaendelea. Mama huyo anakula chakula cha mchana, anapanda ndege. Jumatatu, mimi na wewe, tunarekebisha kila kitu. Tunatafuta kwatzi. Tunaandika barua ya kujisahihisha. Wakubwa wote hujisahihisha."

"Na akiuliza kuhusu mrija mtupu?"

"Ataulizaje? Nani duniani anauliza habari za hewa?"

"Mtu anayejua kazi hii atauliza, Profesa."

"Na asipouliza?"

Nelima alijua kwamba hapo ndipo ilipokuwa hatari yenyewe.

"Ukisema, wanaichukua," Mumbere alisema polepole. "Wakiichukua, chuma chako utakipima kwa nini? Kwa ulimi? Utakilamba?" Kisha sauti yake ikapungua, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko akifoka. "Nimeisubiri mashine hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, Nelima. Nenda kwa huyo Odera. Labda ana kioo kingine. Nenda sasa hivi."

*

Karakana ya Odera ilikuwa nyuma ya studio moja ya muziki, na ukuta uliozitenganisha ulikuwa wa mbao tupu, hivyo Odera alifanya kazi yake akitikisa kichwa kwa wimbo ambao bado haujamalizika kutungwa. Alikuwa Mjaluo wa Siaya, mashavu yamemlegea kwa kupuliza vioo. Alipomwona Nelima mlangoni alizima moto wa gesi.

"Mwalimu wa baridi! Karibu, dada. Umeleta sifa au umeleta kazi?"

"Nimeleta shida. Odera, kioo chako kina chuma."

"Kina nini?"

"Chuma. Kimeyeyukia ndani."

Odera alichukua mrija mezani, akaugonga kwa kucha, akausogeza jichoni, akauelekeza dirishani. "Kiko wapi?"

"Hakionekani. Ni kidogo mno."

"Kidogo mno, lakini kimekutoa machozi."

"Sijalia."

"Macho yako yameiva kama nyanya za Nateete, halafu hujalia." Akaurudisha mrija mezani, taratibu. "Nyinyi Wabukusu! Chakula kikiungua, wa kwanza kushtakiwa ni sufuria."

"Na nyinyi Wajaluo hamjawahi kukosea tangu Mungu alipomimina ziwa."

"Tumekosea mara moja tu. Tulikubali kuwa majirani zenu."

Nelima alicheka, na kicheko kikamponyoka kikageuka kitu kingine, ikambidi ageuze uso kuelekea ukutani. Upande wa pili wa mbao mtu alikuwa akirudia mstari mmoja wa wimbo, akiukosea pale pale kila mara.

Odera alimsubiri atulie. Kisha akamwonyesha vioo vyote alivyokuwa navyo: vya neoni, vya taa ndefu zilizoungua, vya chupa za maabara ya zahanati moja iliyofungwa. Nelima alivishika kimoja kimoja, akavirudisha. Vyote vilikuwa ndugu. Katika Kampala nzima hapakuwa na kipande cha kwatzi, na kuagiza ng'ambo ni kazi ya miezi. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Hakuna kingine, Odera?"

"Hakuna." Sasa alikuwa amenuna, na chini ya kununa huko Nelima aliona kwamba ameumia. "Unajua nimewaambia watu kanisani? Nimesimama mbele, kwenye ushuhuda, nikasema mikono hii inayotengeneza mataa ya baa, Mungu ameipa na kazi ya kutafuta dawa ya malale. Watu wakapiga makofi. Mama mchungaji alinishika mkono. Jumapili nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa ninawaharibia?"

"Hukuharibu. Hatukukuuliza tulichopaswa kukuuliza."

"Ah, usinipake mafuta." Akawasha moto tena, ukavuma. "Kama glasi yangu ni mbaya, pimeni bila glasi! Mwageni hiyo dawa yenu humo kwenye mashine iende uchi, tuone kama itaona haya!"

Nelima aliaga. Odera aliitikia bila kuinua kichwa. Alitoka, akapita kati ya meza za nguo za mitumba na majiko ya chapati, boda boda zikimpigia honi nyuma na mbele, na hakuwa na mbele wala nyuma moyoni mwake. Aliwaza jinsi ya kusema Ijumaa na jinsi ya kutosema. Aliwaza makreti. Alifikiria kumpigia simu mama yake Busia, akakosa la kumwambia.

Alikuwa katikati ya barabara aliposimama.

Bila glasi.

Dereva wa boda alimtukana kwa Kiganda, kisha, kwa kumhurumia, akarudia kwa Kiswahili ili aelewe. Nelima hakusikia. Kimeng'enya kinapopimwa si maji. Ni barafu. Na barafu haihitaji kikombe. Mrija ulikuwepo tu kwa sababu ndivyo kila mtu alivyofanya tangu alipofundishwa. Ile chupa nyembamba kama kidole inayobeba nitrojeni ndani ya sumaku ilikuja na mashine, ilikuwa ya kwatzi, na kwa rehema za Mungu bado ilikuwa nzima. Ukitumbukiza barafu yenyewe humo, peke yake, hakutakuwa na kioo cha Odera wala cha mtu.

Alivuka kwenda duka la dawa akanunua mabomba ya sindano, yale membamba kabisa.

*

Alhamisi alifanya mazoezi kwa maji ya kawaida. Alikata ncha ya bomba la sindano kwa wembe, akajaza maji, akaligandisha, kisha akajaribu kuisukuma barafu itoke. Ya kwanza ilikwama. Ya pili ilivunjika vipande. Halafu akagundua kwamba akilifumbata bomba kiganjani kwa muda wa pumzi moja tu, barafu inaachia ukutani na kuteleza nje nzima, kama kipande cha chaki. Alifurahi peke yake kama mtoto. Kisha akaufunua mtungi na kuchungulia ndani, na furaha ikamwisha. Nitrojeni ilikuwa imeshuka karibu na sakafu.

Kimeng'enya nacho kilibaki kidogo. Kilitosha vipande viwili: kimoja chenyewe, kimoja pamoja na dawa. Kukipata kingine ni wiki nyingi za kulea bakteria. Hangeweza kujaribu kwanza. Ingekuwa mara moja, mbele ya mgeni, kufa kupona.

Alimweleza Profesa, naye alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni wazo zuri," alisema. "Wazo zuri sana. Kesho mwonyeshe mrija. Akishaondoka, cheza na barafu yako kadiri upendavyo."

*

Daktari Perpétue alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta mabegani na viatu vya mtu anayetembea sana. Wote walikuwa wamejiandaa kwa Kiingereza, na Mumbere alikuwa ameshaanza hotuba yake, mgeni alipomkatiza.

"Muko bazima? Tuzungumze tu Kiswahili, Profesa. Miye ni mtoto wa Bukavu. Kiingereza nakitumia kwa wale wasionipenda."

Kicheko kikalegeza chumba. Mumbere alimtandazia karatasi mezani, mlingoti juu ya mlingoti, na Daktari Perpétue akavaa miwani na kuinama.

"Muzuri," alisema. "Huu mstari ni muzuri kupita. Nimeona maabara yenye mali nyingi isiyopata mstari kama huu."

Uso wa Mumbere uling'aa hata Nelima akashindwa kuutazama.

"Na sasa tuone wenyewe."

Nelima alikuwa ameushika mrija wa Odera wenye kimeng'enya kilichokwisha kutumika, tayari umegandishwa, ncha yake ikitoa moshi. Hatua chache tu zilimtenga na mashine. Mumbere alimtazama, na macho yake hayakuamuru chochote, yalikuwa yanaomba. Hilo ndilo lililotaka kumshinda. Angeamriwa angekataa kwa urahisi. Akamwona babake mezani, kijiko mkononi, na wenye nia njema wote wamemzunguka, kila mmoja na jibu lisilo la ugonjwa wake.

"Daktari," alisema, "mstari huu si wa kimeng'enya. Ni wa kioo."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa kidogo pia.

Alieleza. Alitoa karatasi ya mrija mtupu akaiweka juu ya zile nyingine. Daktari Perpétue alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Mumbere alikuwa ameelekea dirishani, akitazama chini uani kana kwamba kuna mtu anamwita.

"Nani aligundua?"

"Sisi," alisema Nelima.

Mabega ya Mumbere yalitikisika kidogo, lakini hakugeuka.

"Niruhusu nikuonyeshe kitu kingine," Nelima alisema. "Sijawahi kukijaribu. Kinaweza kushindwa."

Alitoa kibomba kwenye kikombe cha nitrojeni, akakifumbata, akahesabu pumzi, akasukuma. Kipande cha barafu chenye kimeng'enya kiliteleza kikatumbukia kwenye chupa ya kidole, nitrojeni ikachemka, ikatulia. Akaiteremsha chupa kati ya sumaku, akawasha. Kalamu ikaanza safari.

Ilifika mahali pa mlingoti. Ikapita. Mlingoti haukuwapo.

Kalamu iliendelea kunyooka, kunyooka, mpaka mwisho wa karatasi. Hapakuwa na kitu. Jangwa.

"Niongeze nguvu ya kusikia," alisema, akageuza kitufe. Safari hii kalamu ilitapatapa toka mwanzo, kwa maana mashine ilikuwa inasikia hata viputo vya nitrojeni vikipasuka. Mstari ulijaa majani kama uwanja usiofyekwa. Na katikati ya majani hayo, pembeni kidogo ya pale uliposimama uongo wa kioo, paliinuka kitu. Kichuguu. Au kikundi cha viputo vilivyopasuka pamoja.

"Kile!" Mumbere alikuwa ameshafika mezani. "Pale, tazama pale! Ndipo kinapotakiwa kuwa!"

Daktari Perpétue alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaiacha karatasi akamtazama Nelima.

"Mimi sioni kitu. Lakini mashine hii wewe unaijua kunipita. Unaona kitu?"

Kila kitu kilikuwa kimekalia jibu hilo. Nelima alijua. Neno moja fupi, na mashine ingebaki, na Profesa angezeeka nayo, na malale yangekuwa na adui Kampala. Wala lisingekuwa uongo kamili. Kilikuwapo. Alikiona. Ila alikitaka mno, na mtu anayetaka kiasi hicho haaminiki, hata na yeye mwenyewe.

"Sijui," alisema.

"Hujui."

"Inaweza kuwa ni chuma. Inaweza kuwa ni viputo. Sijui, Daktari."

Daktari Perpétue alipoanza kukusanya vitu vyake hakuwa na haraka, wala hakuwa na hasira.

"Ningekuwa peke yangu ningekuachia," alisema. "Lakini wale walionituma, siwezi kuwapelekea 'sijui'. Nimewaona wakikataa mambo makubwa zaidi." Akamshika Nelima begani, akambana kidogo, kama mtu anayeaga msibani. "Makreti yatakuja mvua zikiisha. Pole, mwanangu. Pole, Profesa."

Viatu vyake vilisikika ngazini, vikaisha.

Mumbere alisimama mahali pake. Kisha, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi kazi ikiisha, akaenda ukutani na kushika bomba la maji ya sumaku ili alifunge.

"Usifunge," Nelima alisema.

"Kwa nini? Imekwisha."

"Profesa, tafadhali. Usifunge maji."

Barafu ilikuwa bado ndani ya sumaku, lakini nitrojeni iliyoizunguka ilikuwa ikipungua. Mtungi ulikuwa mkavu; aliuinamisha, ukatoa pumzi nyeupe tu. Iliyobaki ilikuwa kwenye kikombe, na ndani ya kikombe hicho kulikuwa na kile kipande cha pili, chenye dawa. Akimimina nitrojeni ya kikombe, kipande cha dawa kitayeyuka. Asipomimina, cha kwanza nacho kitayeyuka. Dawa ndiyo aliyoipigania. Dawa ndiyo aliyoiombea.

Alimimina.

Kipande cha pili kilibaki kikombeni, kikatoa jasho, kikaanza kulainika kingo. Nelima alikipa mgongo. Sumaku ikapanda. Kalamu ikatapatapa kwenye majani yake, mengine kabisa, si yale ya kwanza, kwa maana viputo havikumbuki vilipopasuka jana wala punde. Lakini ilipofika pembeni ya pale paliposimama kioo, iliinuka. Ikainama. Ikaendelea.

Mumbere aliachia bomba. Akaja akaziweka karatasi mbili dirishani, kama vile Nelima alivyozoea kufanya. Majani hayakulingana. Kichuguu kilikaa juu ya kichuguu.

"Ni chenyewe," alinong'ona. "Mama yangu. Ni chenyewe!"

"Mara mbili tu, Profesa. Tunahitaji ya tatu."

"Nitrojeni?"

"Imekwisha."

Mumbere alizitazama karatasi, akautazama mlango. "Gari lake huenda halijaondoka."

"Mwambie ni mara mbili tu. Mwambie hivyo hivyo. Na dawa hatujaipima."

"Nitamwambia! Nipe!"

Nelima hakuwa amewahi kumwona Profesa Mumbere akikimbia. Alimsikia akishuka ngazi kwa kishindo, na kupitia dirishani akaliona shati lake la mikono mirefu likikatiza ua, karatasi zikipepea, mkono mmoja juu. Kisha miti ikamficha. Nelima akarudi kwenye kikombe. Ndani yake palikuwa na tone la maji ya rangi ya chai hafifu, vuguvugu, lisilofaa tena. Akalimwaga kwenye sinki, akaosha kikombe, akakiosha tena.

Mumbere alirudi baada ya muda, ametota jasho, mikono mitupu.

"Umemkuta?"

"Getini. Nimesimama mbele ya gari." Akajitupa kwenye kigoda. "Nikamwambia mara mbili. Akauliza, mara mbili? Nikamwambia mara mbili, na ya tatu hatuna. Akatazama. Akasema makreti ni makreti, Profesa, siwezi kuyarudisha kwa mara mbili."

"Basi."

"Basi." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Amezitia karatasi kwenye mkoba, lakini. Halafu akauliza mvua zenu hapa Kampala huisha lini."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ukweli," Mumbere alisema, bado akihema. "Nikamwambia nimezeekea hapa, sijaziona zikiisha."